Chumba Kisichotumika

Hasira za Veijo Tiihonen zilianza Alhamisi moja, wiki tatu kabla ya Krismasi, na zilianza na njuga.

Zilikuwa njuga ndogo za farasi wa kuvuta sleji, gari la theluji lisilo na magurudumu, chring, chring, chring, na zilikuwa zinatoka ndani ya spika zake mwenyewe, kwenye santuri mpya ya bendi aliyoipenda tangu ana miaka kumi na tisa. Bendi yenyewe inaitwa Rautayö. Kwa miaka thelathini na tano vijana wale, ambao sasa si vijana tena, walikuwa wakipiga roki nzito ya kutetemesha madirisha. Waliimba habari za kutu, za viwanda vilivyofungwa, za mashine zinazokula vidole vya watu. Veijo alikuwa na santuri zao zote kumi na nne. Hii ya kumi na tano aliiagiza tangu Septemba bila hata kuuliza ina nini ndani. Ilipofika, jalada lilikuwa jeusi kama kawaida yao, isipokuwa pembeni palikuwa na nyota moja ndogo ya dhahabu. Aliiona ile nyota. Akajiambia labda ni nyota ya mauti.

Kumbe ilikuwa nyota ya Bethlehemu.

Alikaa kwenye kiti chake mikono juu ya magoti, akasikiliza upande wa kwanza wote, shingo ikizidi kuwa nyekundu. Hakuinuka kuizima. Sheria ya chumba kile aliiweka mwenyewe: upande ukianza unasikilizwa mpaka mwisho, na hakuna anayefungua mdomo mpaka sindano iinuke.

Chumba chenyewe kiko chini ya jengo la ghorofa nne mjini Varkaus, upande wa kiwandani, mlango wa pili baada ya sauna ya wakazi, yaani bafu lao la mvuke. Kinaitwa chumba cha klabu. Veijo na wenzake wawili walikuwa wakikutana humo kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, wakishatoka sauna na kunywa supu yao ya njegere, na walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka ishirini na saba. Spika zilikuwa zake, mashine ya santuri yake, rafu zake, hata viti alivitoa shule iliyobomolewa akavipiga misumari upya. Kwingineko Veijo hakuwa mtu wa kuonekana. Majira ya baridi aliendesha gari la manispaa la kukwangua theluji, kiangazi akakata majani pembeni mwa barabara, na wenzake kazini walizoea kumaliza naye wiki nzima kwa maneno kumi. Simu ikilia alisubiri inyamaze kwanza. Dukani akiulizwa kama anataka mfuko alisema ndiyo hata akiwa na mfuko mkononi, maana kusema hapana kunahitaji maelezo. Chumbani mle, kuhusu roki, alikuwa mtu mwingine.

Sindano ikainuka.

"Nne," akasema Veijo.

Walikuwa wanatoa alama kama za shule, kuanzia nne mpaka kumi. Nne ni kufeli. Kumi aliwahi kuitoa mara mbili tu maishani, na moja kati ya hizo alijuta.

"Subiri basi, hata hujavuta pumzi," akasema Heljä Mönkkönen. Huyu alikuwa muuguzi wa meno, mwanamke wa miaka hamsini mwenye mabega ya mwogeleaji, na katika watu watatu wale yeye ndiye aliyependa muziki wa kasi kuliko wote.

"Nne. Na kama kungekuwa na tatu ningewapa tatu."

"Kwani mtu akiimba Krismasi anakufa?"

"Heljä, hawa watu walikuwa wanaimba kutu. Miaka yote kutu. Leo wananiimbia punda!"

"Punda yupi?"

"Wimbo wa tatu kuna punda."

"Mimi wa punda nimeupenda," akasema Tauno Kosunen. Mzee huyu alifanya kazi kwenye mashine ya karatasi miaka arobaini, na sikio lake la kulia aliliacha huko huko kiwandani.

"Wewe mzee hukusikia kitu."

"Nimesikia kwa la kushoto. Pale punda anapochoka, gitaa limelia vizuri sana. Mimi nampa nane."

"Unampa nani, punda?"

Heljä akacheka mpaka akashika mbavu. Veijo hakucheka. Alishalifikiria jambo hili miaka mingi na msimamo wake ulikuwa mmoja. Mpiga roki anayetoa albamu ya Krismasi ni kama mtu anayeingia sauna na suruali. Hakuna sheria inayomkataza, lakini umeshajua hakuwa anamaanisha. Wale waimbaji laini waachiwe Krismasi yao, ni shamba lao, walime. Lakini mtu aliyekufokea miaka thelathini na tano kwamba dunia imeoza, akakufanya umwamini, akakusindikiza siku uliyomzika mama yako na siku mke wako alipofunga sanduku lake akaondoka, huyo hana ruhusa ya kuvaa kofia nyekundu akatingisha njuga.

"Mpiga gitaa wao ana miaka sitini na mmoja," Heljä akasema kwa upole. "Magoti mabovu. Mwache ndugu yangu, naye apumzike wiki mbili."

"Basi aseme amechoka! Aandike kwenye jalada, jamani nimechoka. Hiyo ningeipa saba. Asiniletee njuga."

"Unajua tatizo lako? Una hobi moja tu. Mimi nafuma soksi, naogelea kwenye tundu la barafu ziwani, nina mbwa wa mashindano. Kimoja kikiniudhi nahamia kingine. Wewe hii ikikuuma imekuuma mwili mzima."

"Hii si hobi," akasema Veijo. "Hobi ni kitu unachoweza kuacha."

Alilichukia neno lile. Kazini walipomuuliza mara moja kwa mwaka, "Bado unaendelea na hobi yako?", alijibu ndiyo, na jioni nzima kifua kikawa kimembana.

Walikusanya vikombe wakatoka. Mlangoni, kwenye ubao wa matangazo, kulikuwa na karatasi mpya, imebandikwa sawasawa kwa pini nne. Ulikuwa mwito wa mkutano wa wenye hisa wa jengo, yaani walionunua nyumba zao humo, Jumanne ijayo, saa kumi na mbili jioni. Heljä akaisoma kwa sauti kwa ajili ya Tauno. Alipofika jambo la saba akasimama, akarudia polepole:

"Chumba cha klabu, ambacho hakitumiki, kigeuzwe kuwa stoo ya baiskeli za umeme kuanzia tarehe kumi na tano Januari."

"Chumba gani?" Tauno akauliza.

"Hiki mzee. Hiki tulichotoka sasa hivi."

"Hakitumiki?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Veijo alilitazama lile neno moja. Kisha wote watatu, bila kusemezana, wakageuza macho kwenye daftari lililoning'inia kando ya mlango, na penseli yake imefungwa kwa uzi. Daftari lile lilikuwa la kuandikisha matumizi ya chumba. Anayekitaka huandika jina na siku. Kwa mwaka mzima mlikuwa na majina manne: sherehe ya ndoa ya watu wa ghorofa ya kwanza, siku ya kuzaliwa ya mtoto fulani, mkutano wa wenye hisa, na Krismasi ndogo ya wakazi, ile sherehe yao ya kabla ya Krismasi yenyewe. Alhamisi zote zilikuwa nyeupe.

Veijo hakuwahi kuandika jina lake. Mwanzoni hakuona haja, maana hakuna mwingine aliyeitaka Alhamisi. Baadaye aliona aibu. Kuandika Tiihonen, Tiihonen, Tiihonen kila wiki mahali watu wanapita na mataulo yao ilikuwa kama kusimama ngazini na kupiga kelele, nipo hapa, nioneni.

"Miaka mingapi nakwambia andika?" Heljä akasema.

"Basi kawaambie wewe Jumanne."

"Mimi mpangaji, Veijo. Mpangaji kwenye mkutano ule kazi yake ni kumimina kahawa. Mwenye hisa ni wewe. Wewe na Mzee Tauno."

Wakamtazama Mzee Tauno. Mwaka uliopita, kwa kuwa hakusikia swali na aliona wengine wamenyoosha mikono, mzee alipiga kura ya kung'olewa kwa chuma cha kukung'utia mazulia uani, na katika jengo zima ni yeye pekee aliyekuwa akikitumia.

"Basi ni wewe," akasema Heljä.

*

Mwenyekiti wa jengo alikuwa Orvokki Rautiainen, mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyestaafu kazi ya kupima ardhi. Alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Hakumpendelea mtu, hakumwonea mtu, na kila alichokifanya kilikuwa na karatasi yake. Kwenye mikutano alikuwa na rungu dogo la mti na kibao chake. Akimaliza kusoma jambo huuliza, "Je, mkutano unaafiki?", na rungu linashuka, ko! Likishashuka, jambo limepita. Huwezi tena kusema lolote, hata kama mdomo ulikuwa umeshaufungua. Veijo alijua. Mwaka walipokata mti wa mbetula uliokuwa mbele ya dirisha lake, mdomo wake ulikuwa wazi kabisa.

Siku nne zile za kuusubiri mkutano theluji ilianguka bila kukoma, na Veijo alikuwa barabarani tangu alfajiri, peke yake ndani ya gari, akihutubia kioo.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema huku akikwangua barabara ya kanisani. "Nina neno dogo."

Hapana. Neno dogo litasahaulika.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni Tiihonen wa nyumba B kumi na nne."

Wanajua. Au hawajui? Miaka ishirini na saba, inawezekana hawajui. Wazo hilo likamwasha upya. Na kila alipokasirikia jengo alijikuta akiikasirikia na Rautayö, mpaka akashindwa kuzitenganisha. Waliompokonya muziki na waliotaka kumpokonya chumba waliunganika kichwani mwake wakawa kundi moja lenye kofia nyekundu, likitingisha njuga.

Jumatatu asubuhi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake. Alipopita mbele ya jengo lao aligeuza bapa la kukwangulia kidogo, kidogo tu, akaacha tuta zima la theluji mbele ya mahali Orvokki anapoegesha gari. Kila dereva anajua maana ya tuta lile. Akasimama mbele kidogo, akatazama kwenye kioo kama mwizi. Orvokki akatoka na koti lake refu, akaliona tuta, akachukua koleo. Kisha akaliona gari, akainua mkono akampungia. Alikuwa anamshukuru kwa kazi.

Veijo aliondoka kwa hasira hadi gia zikalia.

*

Mkutano ulifanyika mle mle, katika chumba kisichotumika.

Alipoingia, watu ishirini na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vyake. Juu ya spika ya kushoto mtu alikuwa ameweka chungu cha maua mekundu ya Krismasi. Juu ya spika ya kulia kulikuwa na birika la kahawa na sahani ya keki za umbo la nyota zenye jamu. Heljä alikuwa pale kweli, anamimina kahawa, akamkonyeza. Hakukuwa na kiti. Veijo akasimama ukutani, karibu na meza ya mwenyekiti, na hilo lilimsaidia baadaye.

"Mhakiki wa muhtasari," akasema Orvokki. "Veijo, kama kila mwaka? Mkutano unaafiki?" Ko!

Mhakiki ni yule anayeusoma muhtasari baadaye na kutia sahihi kwamba mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa; bila sahihi yake na ya mwenyekiti, uamuzi hautekelezwi. Veijo alikuwa amechaguliwa mwaka wa kumi na moja mfululizo kwa sababu hakuwahi kukataa. Jambo la pili likapita. La tatu likapita. Paa, ko! Takataka, ko! Rungu lilikuwa linakwenda kasi ya ngoma ya Rautayö enzi zao nzuri.

"La saba. Chumba hiki. Kwa mujibu wa daftari kimetumika mara nne mwaka huu, na moja kati ya hizo ni sisi tulio hapa. Baiskeli za umeme zinazidi kuibiwa uani. Pendekezo ni stoo. Kuna neno?"

Alinyamaza kwa muda unaotosha mtu wa kawaida. Veijo akavuta pumzi. Maneno aliyoyapanga siku nne yakasongamana kooni kama watu mlangoni, hakuna lililomtangulia mwenzake.

"Hakuna. Je, mkutano unaafiki?"

Rungu likainuka. Sauti ikakataa kutoka, basi mkono ukatoka wenyewe. Veijo akanyoosha kiganja akakiweka juu ya kibao. Orvokki hakuwahi kulizuia rungu njiani maishani mwake, na hakulizuia siku ile.

"Perkele!" akapiga kelele Veijo, tusi zito la kwao, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza katika mkutano wa jengo tangu ahamie.

"Mungu wangu, Veijo! Mkono wako!"

"Uache mkono wangu!" Sasa mlango ulikuwa umefunguka. "Hakitumiki? Mnasema hakitumiki, na mmekalia viti vyangu! Hicho ulichokalia wewe nimekipiga misumari mimi! Mnaweka kahawa juu ya spika yangu, mnaitia maji, halafu mnaniambia hakitumiki! Alhamisi elfu moja na mia nne! Elfu moja na mia nne tumekaa humu, hatukuvunja kitu, hatukumsumbua mtu, na saa mbili usiku tumeshafagia!"

Mtu akaliondoa birika la kahawa kwenye spika taratibu, kama anayemwondolea mbwa mfupa.

"Veijo, kaa chini kwanza..."

"Nikae wapi? Viti vyote mmekalia!"

Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu, mwenye baiskeli mpya, akasema kwa nia njema kabisa, "Lakini kaka, hiyo si ni hobi tu? Hobi unaweza kuifanyia hata nyumbani. Kuna hedifoni nzuri sana siku hizi."

Chumba kizima kilimwona Veijo akigeuka.

"Hedifoni," akasema. "Wewe unaweza kwenda sauna ndani ya ndoo? Unajitia maji kichwani peke yako, unajiambia nimeoga vizuri? Roki haikutengenezwa iingie masikio mawili. Inatakiwa ikupige hapa." Akajipiga kifuani kwa ule mkono mbovu, akakunja uso. "Na mtu mwingine akae pembeni, naye ipige kwake, na mkimaliza mgombane. Hiyo ndiyo kazi yake. Na nyie wote, sasa nawajua. Nyie ndio mnaonunua albamu za Krismasi! Rautayö wamepiga kutu miaka thelathini na tano hamkuwanunulia. Wameimba punda, sasa mtawanunulia! Mnataka kila kitu kiwe na jamu juu!"

Hapo mama mmoja aliyekuwa na keki ya nyota mdomoni alisita kuitafuna.

Veijo alijua amepotea njia. Alikuwa amekuja kutetea chumba, sasa alikuwa anagombana na keki. Lakini hasira zikishapata nafasi baada ya miaka yote ile hazipangi foleni.

"Asante, Veijo," Orvokki akasema, uso umempauka. "Kwa kuwa kuna pingamizi, tutapiga kura."

Waliotaka stoo walinyoosha mikono. Mzee Tauno alitazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha wake. Heljä, akiwa na birika, alimkanyaga mguu. Waliopinga walipoulizwa, mzee akanyoosha tena, huu wa sasa juu kuliko ule wa kwanza, na akasimama kabisa.

"Tauno amepiga mara mbili," akasema Orvokki. "Haihesabiki."

Kumi na watatu walitaka, wanne walikataa, wengine walitazama vikombe vyao. Rungu likashuka juu ya kibao kitupu.

*

Alhamisi iliyofuata walikuwa chumbani, watatu wote, hawana hamu ya kusikiliza kitu. Ukucha wa kidole cha kati cha Veijo ulikuwa mweusi. Tauno alikuwa ameomba radhi mara tano, na kila mara Veijo alimjibu "Acha, mzee," kwa ukali uliomfanya aombe mara ya sita.

Mlango ukagongwa. Katika Alhamisi zote zile, mlango ule haukuwahi kugongwa.

Alikuwa Orvokki, na jalada la karatasi kifuani. "Samahani, nimeleta muhtasari, Veijo. Unahitaji sahihi yako. Nilikuwa naelekea B kumi na nne, halafu nikasema hapana, nitamkuta huku."

Heljä ndiye aliyeuliza, taratibu, kama anayegusa jino bovu:

"Umejuaje yuko huku?"

"Si Alhamisi leo?"

Lilimtoka hivyo tu. Alipolisikia mwenyewe, mkono wake ulipanda ukashika kola ya koti.

Veijo akasimama. "Kumbe ulikuwa unajua."

"Veijo..."

"Ulikuwa unajua! Mimi siku zote nasema, labda hawajui. Labda kosa ni langu, sikuandika. Nimejilaumu wiki nzima, usingizi sipati!"

"Nasikia kupitia mabomba," akasema Orvokki. "Niko juu ya hapa hapa. Miaka yote nasikia. Sijawahi kulalamika hata siku moja."

"Na ukaandika hakitumiki."

"Daftari linasema hakitumiki. Mimi siandiki ninachosikia. Naandika kilichoandikwa. Nikianza kuandika ninayoyasikia ngazini humu, tutafika wapi?"

"Lete hiyo karatasi."

Akaisoma akiwa amesimama. Ilikuwa safi, namba kwa namba. Kwenye jambo la saba aliona maneno yake yote, kilio chake chote, ule mkono uliopigwa, yamebaki mstari mmoja: Bwana Tiihonen alitoa maoni yake kuhusu muziki.

"Sitii sahihi."

"Huwezi kukataa, wewe ndiye mhakiki."

"Mhakiki anahakiki kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi hapa pana uongo. Hapa. 'Ambacho hakitumiki.' Wewe umekuja na miguu yako Alhamisi kunitafuta kwenye chumba kisichotumika. Futa."

Orvokki alikuwa mtu wa haki, na haki ilimkaba. Alikaa kwenye kiti cha shule, akatoa kalamu, akafuta maneno mawili kwa mstari ulionyooka. "Niandike nini?"

"Andika: Chumba cha klabu, ambacho hutumika kila Alhamisi kwa miaka ishirini na saba sasa, jambo ambalo mwenyekiti analijua..."

"Veijo."

"Ni uongo?"

Kalamu ilisimama. Kisha ikaandika. Heljä alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Tauno alikuwa amemgeuzia Orvokki sikio la kushoto, na kwa mara ya kwanza alionekana hajapitwa na neno.

"...kinachukuliwa kutoka kwa wanaokitumia," Veijo akaendelea kwa hasira, "ili ziwekwe baiskeli. Nukta."

Akachukua kalamu akatia sahihi yake, kubwa, mpaka ikagusa mstari wa chini, na ukucha mweusi ukamuuma kila herufi. Akausukuma muhtasari na kalamu upande wa pili wa meza.

"Haya. Na wewe weka yako."

Orvokki akausoma tangu juu. Alisoma polepole, midomo ikitikisika kidogo. Alipofika jambo la saba akarudia. Kisha akarudia tena.

"Huu utabandikwa mlangoni," akasema. "Watu watausoma. Wataniona mtu wa namna gani?"

"Watakuona ulivyo."

"Siwezi kutia sahihi chini ya maneno haya."

"Si ulisema mkutano umeafiki? Si rungu limeshuka? Weka sahihi, uchukue chumba chako."

Mwanamke yule aliichukua kalamu. Kisha akaiziba kalamu, akaiingiza karatasi kwenye jalada, akatoka. Hakuufunga mlango kwa nguvu. Aliufunga vizuri, kama anavyofanya kila kitu.

Heljä akaachia kicheko alichokuwa amekizuia.

"Usicheke!" Veijo akamkaripia. "Hakuna cha kucheka. Alikuwa anajua!"

Tarehe kumi na tano Januari ikapita. Februari ikapita na theluji yake. Barafu ya ziwani ilipoanza kulia na kupasuka, baiskeli za umeme zilikuwa bado uani, zimefunikwa maturubai. Kwenye ubao wa matangazo mahali pa muhtasari palikuwa na pini nne bila karatasi. Jioni moja ya Alhamisi Veijo alikuwa anashuka ngazi na santuri kwapani, akamkuta yule kijana wa ghorofa ya tatu amemsimamisha Orvokki, anamuuliza stoo itaanza lini.

"Muhtasari haujakamilika," Orvokki akajibu. "Bado sahihi moja."

"Ya nani?"

Orvokki hakusema. Alimwona Veijo, akainamisha kichwa kumsalimu. Veijo akampita bila kuitikia, akateremka, akafungua mlango wa chumba, akawasha amplifaya.